Tuangalie Tunachowatwika Watoto Wetu

Novemba 1857 Mwingereza Richard Burton aliingia Kaze, mji wa misafara uliokuwa hapa ilipo Tabora ya leo, akitokea pwani. Katika kitabu alichokitoa 1860 aliandika jambo ambalo kila mzazi wa mkoa huu anastahili kulijua. Alisema watoto wa Kinyamwezi wenye miaka sita au saba walikuwa wakitembea na pembe ndogo ya ndovu begani, wakijizoeza upagazi, na kwamba baadhi yao mifupa ya miguu ilipinda kwa kubeba mizigo mapema mno. Kisha akahitimisha kwamba Wanyamwezi ni wapagazi wa kuzaliwa, kama mbwa wa kuwinda anavyozaliwa na kipaji cha uzao wake.

Hitimisho hilo ni la dharau, tena ni la uongo, na ushahidi wa kulikanusha ameuandika yeye mwenyewe. Pembe ile haikupanda yenyewe begani mwa mtoto. Yupo mtu mzima aliyeichagua, akaupima uzito wake kwa mkono, akamtwika. Wapo kaka waliorudi kutoka pwani na nguo mpya na habari za bahari. Kipo kijiji kilichomcheka mwanamume asiyesafiri, kikisema amebaki nyumbani kuatamia mayai. Alfred Swann, baharia wa Kiingereza aliyefika magharibi mwa nchi hii miaka ya 1880, naye alieleza kuwa kijana hakuruhusiwa kuoa mpaka apeleke mzigo wa pembe pwani na arudi na wa vitambaa au waya wa shaba. Mtoto aliyekulia katikati ya maneno hayo hakuhitaji kuzaliwa mpagazi. Masikio yake yalitosha.

Ndugu zangu wa Isevya, Ng'ambo, Kwihara, Urambo, Sikonge, Nzega na popote mlipo, nawaandikia kwa sababu kazi ile ya kutwika haijakoma. Iliyobadilika ni mizigo.

Wazee wetu waliifanya kwa makusudi, na hawakuwaachia baba na mama peke yao. Kijijini palikuwa na iwanza, nyumba ya mazungumzo, ya wanaume upande wake na ya wanawake upande wake. Jioni palikuwa na shikome, moto wa uani ambapo wavulana walikula pamoja na wazee, wakasikia nasaba, vitendawili na namna ugomvi wa jirani unavyosuluhishwa. Hakuna aliyewaambia kwamba hilo ni somo. Walikuwa wanakula tu, huku wanafundishwa.

Kisha njia ya misafara nayo ikawafundisha. Kutoka Bagamoyo hadi hapa ilikuwa safari ya karibu miezi mitatu kwa miguu. Mpagazi mgeni alijifunza kumfuata kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, kugawana chungu na watu asiowajua, kuongea Kiswahili, kupita kwa Wagogo bila kuwavunjia heshima. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, unaotuchekesha hadi leo misibani, ulipata nguvu zake kwenye njia hiyo. Mtu aliyefia mbali na kwao alihitaji wa kumzika, na mtani alimzika. Mimi nauhesabu utani kuwa mojawapo ya kazi bora kabisa za malezi katika Afrika Mashariki, maana uliwageuza wageni kuwa watu wenye wajibu wao kwa wao, na watoto wakaurithi bila kusoma popote.

Lakini tusijidanganye. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, wengi wao wanawake na watoto, na ilifundisha watu kuliona jambo hilo kuwa biashara. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi karibu na Tabora, alisimulia katika habari za maisha yake kwamba alianza safari fupi za biashara akiwa na miaka 12, na baadaye akaja bara pamoja na baba yake. Hakuzaliwa akijua bei ya binadamu. Alifundishwa, na waliomfundisha walimpenda. Hapa ndipo panaponitisha mimi kama mlezi: mtoto hupokea ukarimu na ukatili kutoka kwa mikono ileile anayoiamini.

Baada ya njia ikaja shule. Miaka ya 1920 Waingereza walifungua shule ya serikali hapa Tabora, hasa kwa ajili ya wana wa machifu, ili wapate wasaidizi wa utawala wao. Mwaka 1937 alifika Julius Nyerere, kijana wa Kizanaki kutoka Butiama, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito, akasoma hadi 1942. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, naye alisoma hapo. Waliotazamiwa kuutumikia utawala wakaja kuuondoa. Nyerere, tuliyekuja kumwita Mwalimu, alirudi kufundisha shule ya St. Mary's hapahapa Tabora kuanzia 1946 hadi 1949, na Januari 1958 alirudi tena na mkutano wa chama chake cha TANU uliopitisha Uamuzi wa Busara, kukubali uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, jambo lililokuwa limewagawa wanachama vikali. Shule ilimpa mengi, lakini hakuingia humo akiwa mtupu. Alikuwa na miaka 12 ya nyumbani kabla ya kushika kalamu kule Musoma, na wenzake bwenini walitoka makabila mengi. Nyumba, darasa na wenzake, vyote vilimjenga, kimoja kikirekebisha pale kingine kilipopungukia.

Leo nani anawatwika watoto wetu, na nini? Kule Urambo na Kaliua msimu wa tumbaku unapowadia, wapo watoto wanaokosa darasa kwa kuchuma majani na kuchochea moto wa mabani ya kukaushia tumbaku. Kazi ya shamba ni shule nzuri sana, sitaki kuidharau. Kazi inayomfukuza mtoto darasani ni wizi. Mjini wapo wanaojifunza uanaume kwenye kijiwe cha bodaboda na kwenye simu, kwa sababu jioni nyumbani hakuna anayewasemesha.

Na wasichana? Takwimu za taifa za afya za 2010 zilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wanawake wa Tabora wenye miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinapingana na Katiba. Hukumu hiyo naiheshimu sana. Ila jaji hakai jikoni kwetu. Binti anayesikia tangu darasa la pili kwamba kaka ndiye wa kusomeshwa na yeye ni wa kwenda kwa watu, amekwisha kutwikwa kabla posa haijaletwa.

Tumezoea kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa hapa kwetu naiona methali hiyo pungufu. Ulimwengu humfunza hata yule aliyefunzwa vizuri na mama yake, na ulimwengu huo ni mimi na wewe: mwenye duka anayemuuzia mtoto sigara, dereva wa boda anayembeba mwanafunzi, shangazi anayechekelea tusi la mtoto wa miaka minne.

Basi nawaomba. Mlo mmoja kwa siku uwe wa nyumba nzima, simu zikiwa mbali, na watoto waachwe waulize. Wazee mliobaki na habari za iwanza na shikome, msizikwe nazo. Nendeni shuleni mkaziseme, na walimu muwapokee. Vijana wa vijiwe, mtoto akikaa karibu nanyi jueni anasikiliza. Na wewe baba, kikao kijacho cha wazazi usimwachie mama peke yake. Nenda, na kabla hujamuuliza mwalimu mtoto wako ameshika nafasi ya ngapi, muulize anaishi vipi na wenzake.