Fungu la Mpiga Udi

Imekuwa ada siku hizi, mpiga ala mmoja anapoachiwa uwanja na wenziwe, waandishi na watangazaji wetu kusema kwamba amepiga solo. Na neno hilo, ambalo kwa Kitaliano maana yake ni peke yake, limeanza kuingia hata katika habari za taarabu ya Unguja, ambako jambo hilo lina jina lake la tangu na tangu, nalo ni taksimu.

Sina ugomvi na solo likiwa kwa watu wake. Wapenzi wa dansi, tokea Kinshasa hata Morogoro, wasemapo gitaa la solo hukusudia gitaa linaloongoza juu ya rithimu na besi, kama walilolipiga Nico Kasanda wa African Jazz na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na aghalabu bendi nzima huwa inanguruma pamoja nalo. Huko neno limekwisha kupata uraia.

Lakini taksimu ni neno la Kiarabu lenye maana ya kugawa, na mzizi wake ndio uliotuzalia kukasimu, na kismati pia, yaani fungu alilokadiriwa mja. Kwa hiyo masikioni mwangu neno hili halimtaji mpigaji kwa upweke wake, humtaja kwa fungu lake katika shughuli ya wengi. Atakayehudhuria taarabu ya Nadi Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, na asikilize kwa makini saa ile dumbaki na rika zinaponyamaza: mpiga udi, au wa kanuni, au wa fidla, huanza bila ya mapigo ya kuhesabiwa, akaitambulisha maqamu, yaani mpangilio wa sauti, ya wimbo ujao, tuseme bayati au hijazi, akatulia kwanza katika sauti za chini, akapanda taratibu, pengine akachepuka kuizuru maqamu jirani, hata akarejea kwenye sauti ya kituo alikotokea, na hapo ndipo wazee vitini huitikia “Allah!” kwa pumzi moja. Hana karatasi mbele yake. Atungayo huyatunga papo hapo. Na wenziwe, wakati mwingine wakimshikia sauti moja ya chini, humfuata kwa masikio hatua kwa hatua, kwa kuwa anamtengenezea mwimbaji njia, na kituo atakachotua ndicho watakachoondokea wote.

Elimu hii imepokewa kwa taabu, tangu zama za Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hata 1888, ambaye yasimuliwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Basi nawasihi waandishi wenzangu: mpiga udi akiachiwa nafasi, andikeni kuwa amepiga taksimu, na muitaje na maqamu aliyoipiga.