Kichwa cha filamu na kichwa cha mtoto



Juma hili nawaletea habari ya kwenye avenyu yetu. Vijana wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 13, waligombana juu ya mpira. Mmoja akamkamata mwenzake kola ya shati, akamvuta, akampiga kichwa usoni. Damu ikatiririka puani. Sisi wamama tukamkimbilia mwenye damu: huyu analeta kitambaa, huyu maji, huyu anamtukana mama wa yule mwingine. Aliyepiga alisimama pembeni kimya. Hakuna aliyemwangalia, isipokuwa kumgombeza.

Usiku, mwenye pua alilala vizuri. Aliyepiga ndiye aliyetapika mara tatu na kupakiwa kwenye pikipiki kwenda kituo cha afya.

Mungu asifiwe, alipona. Siku nyingine nikamuuliza kwa nini alipiga kichwa. Akanijibu: "Mama, ule wa ku filme anapigaka tu na anaendaka zake."

Wamama, tusimcheke. Watoto wetu wanaona mambo hayo katika nyumba za video na kwenye simu, na hakuna anayewaeleza yanavyotengenezwa. Katika filamu, mchezaji husimamisha kichwa chake kabla hakijamgusa mwenzake. Kamera inawekwa upande ambao nafasi iliyobaki haionekani. Ule mlio wa "paa!" unaongezwa baadaye, na damu ni maji ya rangi. Wakikosea, wanarudia. Ndiyo sababu adui anaanguka mara moja, na shujaa anatengeneza koti lake na kuondoka.

Katika ugomvi wa kweli mambo ni mengine. Mfupa wa paji la uso ni mgumu kuliko mfupa wa pua. Paji likikuta pua, pua inavunjika. Siri yote ni hiyo. Lakini nani anasimama kimya angojee kupigwa? Mwenzako akiinamisha kichwa kidogo tu, paji linakuta paji na wote wawili wanaumia. Paji likikuta meno, meno yanang'oka, ngozi ya aliyepiga inapasuka, na kidonda cha meno ya mtu huwa kinaoza upesi. Damu nayo inachanganyika, na tunajua kuna magonjwa yanayopita kwa damu.

Hata aliyelenga vizuri, ubongo wake mwenyewe umetikisika. Weka yai ndani ya kopo, funika, kisha ligonge kopo ukutani. Kopo litabaki zima. Lakini fungua uangalie yai.

Wakubwa wa michezo wenyewe wametuonyesha. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipokuja Kinshasa. Pigano lilipangwa mwezi wa Septemba, likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, kwa sababu Foreman aligongwa na kiwiko mazoezini akapasuka juu ya jicho. Bingwa wa dunia mzima! Ngozi ya pale ni nyembamba na mfupa uko karibu, kwa hiyo inapasuka upesi na kutoa damu nyingi. Mwaka 2002, kule Marekani, Evander Holyfield na Hasim Rahman waligongana vichwa katika ngumi. Paji la Rahman likavimba vibaya sana, na pigano likasimamishwa katika raundi ya nane. Katika ngumi, kupiga kichwa ni kosa, na hao wawili walikuwa na miili iliyozoeshwa kupigwa.

Na nani hajui habari ya Zinedine Zidane? Tarehe 9 Julai 2006, Berlin, fainali ya Kombe la Dunia, alimpiga Marco Materazzi kichwa kifuani. Materazzi aliinuka, akaendelea kucheza, na mwishoni akafunga penalti yake. Zidane alitolewa kwa kadi nyekundu katika mchezo wake wa mwisho, na kombe likaenda Italia. Aliyepiga ndiye aliyelipa.

Hapa Goma tuna shida moja zaidi: mawe. Wachezaji wa filamu huwekewa magodoro ya kuangukia. Watoto wetu wanagombana juu ya mawe ya Nyiragongo. Aliyepigwa akianguka kisogo juu ya jiwe la volkano, hatutaongea tena habari ya pua.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuwafundishe watoto kwamba pigo la kichwa linahitaji ukaribu. Mtu akikushika kola na kuleta uso wake karibu, inamisha kidevu, geuza uso, weka mikono mbele, rudi nyuma, piga kelele. Nasi wakubwa tukiona wameshikana kola, tusingoje ngumi ya kwanza. Tuwatenganishe.

Pili, damu ya pua: mtoto akae, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 akipumua kwa mdomo. Tusimlaze chali wala kumwinua kichwa juu, kwa maana damu inashuka kooni. Pua ikipinda, au ikivimba ndani hata hewa haipiti, apelekwe kwa munganga.

Tatu, tuwaangalie watoto wote wawili, siku hiyo na kesho yake. Akitapika tena na tena, akiumwa kichwa kinachozidi, akiongea maneno yasiyoeleweka, akipata degedege, akitokwa maji meupe puani au masikioni, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akiwa mgumu kuamshwa, tusingoje asubuhi. Usingizi wenyewe si dhambi, lakini mwamshe usiku uone kama anakutambua. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha. Aspirini na ibuprofeni tusimpe bila kuambiwa na munganga, maana zinaweza kuongeza damu kutoka. Na asirudi kwenye mpira mpaka apone kabisa. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ni la hatari zaidi.

Wamama wale wawili walikaa juma zima bila kusalimiana. Katika mkutano wa AVEC yetu, mama wa aliyepigwa alisimama wa kwanza. Alisema, "Mimi niliona damu ya mtoto wangu tu. Wa mwenzangu sikumwona." Tukatoa pesa ya kituo cha afya katika kasha ya msaada, na wakapeana mikono.

Jumamosi hii, mtoto wako akirudi kutoka video, usianze na fimbo. Muulize: "Yule aliyepiga kichwa, yeye aliumia wapi?" Kama hajui, keti naye umweleze.

Tuonane juma lijalo, wamama. Mbaki na amani.