Maikrofoni Ndiyo Kiti Chetu

Usiku wa juzi, baada ya isha, mpwa wangu alinijia barazani na kompyuta yake ya kupakata, pamoja na vile visikizio vikubwa vinavyofunika sikio zima. "Mjomba," akaniambia, "hebu sikiza hii. Piano ya ukumbini khasa, na hapa hapana piano wala ukumbi." Nikavivaa. Akagusa kinanda chake kidogo, na mara sauti nene zikaniangukia sikio la kushoto na nyembamba zikalia sikio la kulia. Nikasikia nyundo zikigonga nyuzi, nikasikia hata ule mchakacho wa kitambaa kinachorudi kuzinyamazisha. Ilikuwa sauti safi, sikatai. Lakini nilimwuliza swali moja likamshinda: "Mwanangu, hapa mimi nimeketi wapi?"

Hilo, wasomaji wapenzi, ndilo nitakalo tulizungumze leo, maana vijana wetu wengi sasa wanajifundisha muziki kwa piano hizi zisizo na nyuzi, na wako watakaofika uzeeni bila ya kuisikia piano nyingine.

Piano za kompyuta ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo piano ya kweli huwekwa mahali, kila kibonyezo kati ya vile 88 kikapigwa kwa nguvu mbali mbali, tangu mguso mwepesi hata kishindo, na kila pigo likanaswa. Kampuni ya Garritan ilifanya hivyo kwa piano ya Yamaha CFX katika studio za Abbey Road, London. Wale wa Vienna Symphonic Library nao wamefanya katika jumba lao la kurekodia huko Vienna, wakaweka maikrofoni za karibu, za kati na za mbali kwa wakati mmoja, ili mnunuzi achague mwenyewe. Namna ya pili haina sauti iliyonaswa; ni hesabu tupu. Pianoteq, iliyotoka Toulouse, Ufaransa, mwaka 2006, hukokotoa mtikisiko wa nyuzi na ubao kila unapobonyeza, na katika matoleo yake makubwa humpa mtu picha ya piano kwenye kioo ili asogeze maikrofoni apendavyo.

Basi kazi iliyokuwa ya mafundi walioifia miaka na miaka imetiwa mikononi mwa kijana wa miaka ishirini aliyeketi kitandani. Si vibaya, lakini mtu akipewa jahazi hapana budi aambiwe na usukani uko wapi.

Kwanza tuitazame piano yenyewe jukwaani. Mpigaji hukaa ubavu, mkono wake wa kulia ukielekea watu. Kifuniko hufunguliwa upande huo huo, kikasimama mfano wa tanga, kikiirusha sauti ukumbini. Vibonyezo vinene viko nyuma, mbali na watu, na vyembamba viko mbele. Kwa hiyo aliyeketi kusikiliza hazisikii nene kushoto na nyembamba kulia hata kidogo. Hayo ni ya mpigaji peke yake. Tena piano kubwa ya ukumbini ina urefu wa mita 2.7 hivi. Ukikaa mita 15 kutoka jukwaani, ukanyosha mkono na kukunja ngumi, ngumi hiyo itaifunika karibu yote. Lakini ndani ya visikizio vya mpwa wangu ilitanda kutoka sikio hata sikio, mimi nikiwa kichwa chini ya kifuniko kama fundi anayetafuta uzi uliokatika.

Pili, ukumbi. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Ile iliyotoka moja kwa moja hufika kwanza. Nyuma yake huja iliyogonga ukuta wa kushoto na wa kulia, kisha dari, kisha umati wa sauti zisizohesabika zilizogongana huko na huko hata zikafifia. Mtu wa kwanza kulipima jambo hili vilivyo alikuwa Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa chumba cha mihadhara ambamo neno moja lilidumu likivuma zaidi ya sekunde 5, mpaka mwalimu hafahamiki asemalo. Sabine alikwenda usiku, mji umelala, na filimbi ya kinanda cha kanisani na saa yake, akaazima mito ya viti kutoka ukumbi wa pili, akaipanga kidogo kidogo huku akipima. Kwa elimu hiyo ukajengwa ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900. Ukumbi huo, na ule wa Musikverein wa Vienna wa mwaka 1870, hukaa na sauti karibu sekunde 2 watu wakiwa wamejaa, na wajuzi wanazitaja kuwa kati ya kumbi bora za dunia.

Sasa sikiza ajabu. Katika ukumbi wa kiasi hicho, ukiiacha piano mita 5 hivi tu, sauti iliyorudi kutoka ukutani inalingana na ile iliyotoka kwenye chombo. Zaidi ya hapo, za ukutani ndizo nyingi. Kumbe mtu wa safu ya kumi anasikiza kuta kuliko anavyosikiza nyuzi, na hata hivyo hatoki akilalamika.

Atauliza mwenye kuuliza: kwani tusiiweke maikrofoni papo hapo safu ya kumi, mambo yakaisha? Wamejaribu, na hutoka sauti ya mtu aimbaye kisimani. Mwanadamu ana masikio mawili na kichwa kati yao, anageuka, anamwona mpigaji kwa macho, na akili yake huitambua sauti ya mbele na kuiweka kando ile ya nyuma. Maikrofoni haina akili hiyo. Huzoa vyote kama juya, dagaa na magugu. Kisha katika spika zako mbili, mvumo uliokuwa ukikuzunguka pande zote hutokea mbele yako, katika tundu zile zile zinazotoa piano. Ndiyo maana ili isikike kama ya safu ya kumi, maikrofoni husogezwa mbele kuliko safu ya kumi. Ukweli hapa hupatikana kwa hila kidogo, na mshairi yeyote analijua hilo.

Mafundi wa zamani waliujua umbali huo kwa masikio. Mwaka 1951 kampuni ya Mercury ilirekodi okestra ya Chicago kwa maikrofoni moja tu iliyotundikwa juu. Kampuni ya Decca ya London, mwaka 1954, ikaanza kutumia maikrofoni tatu zilizofungwa juu ya kichwa cha kiongozi wa okestra, mbili zikiachana mita 2 hivi na ya tatu ikitangulia mbele. Na mpangilio huo haujafa hata leo. Kwa piano iliyo peke yake, aghalabu maikrofoni mbili huelekezwa kwenye kifuniko kilichofunguliwa, mita 2 au 3 kutoka kwenye chombo, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyesimama.

Basi nikaitwaa kompyuta ya mpwa wangu nione alivyoipanga. Lo! Alikuwa amefungua maikrofoni zote: za ndani ya kifuniko, za mpigaji, za kati, za mbali na za darini, zote kwa nguvu sawa. Anasema amelipia zote. Mtaka yote hukosa yote. Sauti ikifika katika maikrofoni ya karibu, kisha ikafika katika ile iliyo mita 2 nyuma yake, inachelewa kiasi cha sehemu 6 kati ya elfu za sekunde, na zikichanganywa kwa nguvu moja, sauti nyingine huongezeka na nyingine huuana. Chombo kinakuwa na rangi ambayo hakikuzaliwa nayo. Mtu hawezi kuketi viti vitano kwa wakati mmoja. Chagua kimoja, ukipe nguvu, kisha ongeza cha mbali kidogo kidogo mpaka ukisikie, halafu urudi nyuma hatua moja.

Sisemi kwamba ukaribu ni haramu. Anayefanya mazoezi ana haki ya kusikia kama mpigaji, maana ndipo alipo. Na piano ikiwa katikati ya ngoma, gitaa na waimbaji, ikiwekwa mbali itazama. Lakini hata hapo kuna mipaka. Miaka michache iliyopita shairi langu moja liliimbwa na kurekodiwa katika studio moja ambayo sitaitaja. Fundi alimtia mwimbaji mwangwi mkubwa hata akawa kama aliye ndani ya birika tupu, ilhali piano ya kompyuta aliiacha kavu na karibu. Yaani bibi yuko ukumbini, na piano iko mapajani mwake. Niliposema, nikajibiwa, "Mzee, ndivyo watu wanavyotaka." Wimbo huo mpaka leo hupigwa arusini, nami ukianza huenda nje kununua tambuu.

Pengine ni madrasa iliyoniharibu masikio. Nilipokuwa mdogo nilikaa karibu na nguzo ya tatu, na mwalimu wetu akisoma ameelekea kibla ametupa mgongo. Lakini sauti yake ilikuja kwetu nzima, kwa kuwa mihrabu iliipokea na kuirudisha. Siku nilipohamishwa mbele, ubavuni mwake, nilisikia pumzi na mate, nikatamani nguzo yangu.

Mtu wa Vienna akinunua piano ya kompyuta iliyorekodiwa vibaya hadhuriki sana. Jumamosi atakwenda Musikverein akatengeneze masikio. Mimi sijapata kuketi huko, wala mpwa wangu. Ukumbi tutakaoujua ni ule tuliowekewa na aliyesimamisha maikrofoni, na akitutia ndani ya kifuniko, huko ndiko tutakakokaa, tukidhani hivyo ndivyo piano ilivyo.

Tulikesha hata saa sita. Tulizima zote tukaacha mbili za kati, kisha tukazipandisha zile za mbali taratibu. Sauti nene zikaacha kukaa kushoto. Piano ikakusanyika, ikawa kitu kimoja mbele yetu, na nyuma yake pakafunguka nafasi. Mpwa wangu akapiga tena, akanyamaza akiingoja sauti ya mwisho iishe.

"Sasa umeketi wapi?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Safu ya sita, mjomba. Lakini kesho nikifanya mazoezi nitarudi mbele."

Nikamwambia arudi, na mimi aniachie kiti changu.