Ripoti Isomwe Sokoni Kwanza

Tulipata alama 78 kwa 100. Nakumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kundi, na mimi ndiye niliyepiga kelele ya kwanza matokeo yalipobandikwa ubaoni. Leo naandika kusema kwamba alama zile hatukuzistahili, na kwamba utaratibu uliotupa alama hizo ubadilishwe kabla haujafunza wengine uongo kama ulivyotufunza sisi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mhadhiri wa somo la masoko alitugawa katika makundi ya watu sita. Kila kundi lilitakiwa kumchagua mfanyabiashara mdogo wa mpakani, kuichunguza biashara yake, kisha kumwandikia mpango wa kupanua soko. Sisi tulimchagua mama mmoja anayeuza dagaa Busia. Mwenzetu mzaliwa wa Tororo akapewa jukumu la kuuliza bei katika soko la kwao ili tulinganishe.

Tuliandaa hojaji ya maswali ishirini, yote kwa Kiingereza. Swali moja lilimtaka mama aseme, kwa kipimo cha moja hadi tano, ameridhika kiasi gani na mbinu zake za kuwafikia wateja. Nilipomtafsiria, aliniuliza, "Mwanangu, hiyo tano ni shilingi ya Kenya ama ya Uganda?" Tulicheka, tukaandika tatu, tukaendelea.

Hojaji arobaini tulizopaswa kuwapa wateja wake hazikutoka nje ya bweni. Tulizijaza wenyewe usiku mmoja. Kumi na tisa nilizijaza kwa mkono wangu, nikibadilisha kalamu na mwandiko ili zisifanane. Kati ya sisi sita, wawili walikwenda Busia, mmoja alikwenda Tororo, mmoja alipiga chapa, mmoja alichanga pesa za kuchapisha, na wa sita tuliliona jina lake tu kwenye jalada. Tororo mwenzetu alizungumza na wauzaji kwa Kidhopadhola, akarudi na kurasa nne za maelezo. Nilizipunguza zikawa mistari mitatu, kwa kuwa hazikuingia katika jedwali langu. Wote sita tulipata 78.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni letu, si la utaratibu. Nakubali kwamba kosa ni letu, lakini najiuliza: kwa nini hakuna aliyegundua? Ripoti yetu ilikuwa na mchoro unaoonyesha mauzo ya dagaa yakipanda kila mwezi kama ngazi, kuanzia Januari hadi Juni. Mhadhiri aliusifu. Ungeonyeshwa mchuuzi yeyote wa dagaa kutoka Busia hadi Tororo, angeukataa papo hapo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mwezi unapokuwa mpevu, taa hazivuti kitu, na dagaa huadimika. Mvua inaponyesha mfululizo, hawakauki, na walioanikwa huoza. Kwa hiyo bei hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, na mama anayejua kazi yake hununua akiba kabla mwezi haujakua. Mchoro wetu haukuwa na mwezi wala mvua.

Tulijaza kurasa nyingi kwa nguzo nne za masoko: bidhaa, bei, mahali na utangazaji. Mpangilio huo aliuweka Mmarekani E. Jerome McCarthy mwaka 1960, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba tuliutumia kumfundisha mama kitu ambacho tayari alikuwa anakifanya mbele ya macho yetu. Mteja wa Kenya akija, anamuuzia omena. Wa Uganda akija, dagaa walewale wanaitwa mukene. Dereva wa lori kutoka Tanzania anaitiwa dagaa. Husalimu kwa Kisamia, Kiteso, Kijaluo, Kiganda na Kiswahili, na hupokea shilingi za nchi zote mbili huku akipiga hesabu kichwani. Akishajaza gorogoro, huongeza konzi moja juu, na konzi hiyo ndiyo inayomrudisha mteja. Sisi tulimshauri afungue ukurasa wa Facebook. Hata neno bodaboda, inasimuliwa, lilianzia papa hapa Busia miaka ya 1960, kwa wapanda baiskeli waliokuwa wakiwaita abiria wa kuvushwa mpaka. Tangazo lile la neno moja limeenea Afrika Mashariki nzima.

Lakini kuna jambo linaloniumiza zaidi ya mchoro. Siku ile, tulipokuwa tukikunja karatasi zetu, mama alituuliza: "Wanangu, nyinyi mmesoma. Nasikia kuna karatasi ya wafanyabiashara wadogo ya kupitishia mzigo. Ni ya nani, na inatolewa wapi?" Tukamwambia hatujui. Hatukuliandika swali lake popote, maana halikuwa kwenye hojaji. Baadaye ndipo niliposoma kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu uliorahisishwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa ni wa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa na umetoka ndani ya Jumuiya, hupewa cheti chepesi cha asili palepale mpakani, na hautozwi ushuru wa forodha. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa mwaka 2018, hatua chache kutoka mahali tulipokuwa tumesimama. Ukurasa mmoja wa maelezo hayo kwa Kiswahili ungemfaa mama kuliko kurasa zetu thelathini na mbili.

Baada ya muhula kwisha, aibu ilinipeleka Busia. Nilikaa kando ya mama na kumsomea ripoti yetu, nikiitafsiri kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Hatukufika mbali. Kwenye mchoro alinisimamisha: "Hapa mwezi ulikuwa mpevu. Nani aliniuzia hao dagaa?" Kwenye maoni ya wateja wake akauliza, "Hawa mliwaonea wapi?" Sikuwa na jibu. Kwa muda wa robo saa, mwanamke ambaye hajawahi kuingia darasa la masoko alikuwa amegundua kila uongo uliopita salama chuoni.

Ndiyo maana nasema: ripoti ya kundi isomwe sokoni kabla ya kufika ofisini. Isomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mwenye biashara, na kila mwanakundi asome sehemu yake. Mwenye biashara aulize maswali, na maswali yake yaandikwe pamoja na majibu. Nusu ya alama zitoke hapo. Yule wa sita ambaye hakufika sokoni atajulikana mara moja, kwa sababu hatajua hata meza ya mama iko upande gani. Na yule wa Tororo aliyeleta kurasa nne atapata haki yake.

Najua pingamizi. Wahadhiri watasema wana makundi mengi na muda mfupi. Hawalazimiki kwenda wote. Sahihi ya mwenye biashara na maswali yake yaliyoandikwa vinatosha kuanzia. Watasema mtihani ni wa Kiingereza. Basi Kiingereza kibaki kwenye mtihani. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kenya ilikwishakipa hadhi hiyo katika Katiba ya 2010. Kila Julai 7 sisi wanafunzi wa Kiswahili huvaa vitenge, tukakariri mashairi na kuisifu lugha ya kuunganisha watu. Kisha siku inayofuata tunamwendea mama wa sokoni na karatasi asiyoweza kuisoma.

Wenzangu, muuzaji hupimwa na mnunuzi. Katika kazi ile mnunuzi wetu alikuwa mhadhiri, nasi tulimuuzia alichotaka kukiona: jedwali safi, mchoro unaopanda, jalada la rangi. Somo hilo tulilielewa vizuri mno, na 78 ndiyo bei tuliyolipwa. Muhula ujao makundi mapya yatatumwa mpakani. Naomba wa kwanza kuwasikiliza awe mama yule, na asipoielewa ripoti, irudishwe ikaandikwe upya.