Nani Aliiangusha Shilingi?

Mama wa Kibera anayenunua mahindi kwa gorogoro hana akaunti ya dola. Wala hana kibarua wa Kawangware anayelipwa jioni kwa kazi ya kutwa. Hata hivyo, shilingi inapoanguka, hao ndio wa kwanza kulala njaa. Ndugu wananchi, ni wajibu wetu kuuliza: huiangusha nani?

Historia yetu inajibu. Mnamo Novemba 1991, wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada wakidai mageuzi. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Watawala waliohofia kura wakageukia hazina ya umma. Kampuni ya Goldenberg ililipwa mabilioni, eti fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zilizouzwa ng'ambo, katika nchi isiyochimba almasi! Kabla ya uchaguzi wa Desemba 29, 1992, noti zilimwagwa kwa wingi. Ile ya mia tano wananchi wakaibandika jina la "Jirongo". Fedha zikazidi bidhaa, imani ikatoweka, na wenye nazo wakakimbilia dola. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Dola iliyokuwa takriban shilingi 36 mwishoni mwa 1992 ikapita 60 mwaka uliofuata.

Karani wa Benki Kuu, David Munyakei, alifichua uovu huo. Alikamatwa, akafutwa kazi, na akafa maskini mwaka 2006. Tume ya Bosire, iliyoundwa mwaka 2003, ilisikiliza ushahidi hadharani. Lakini hakuna kigogo hata mmoja aliyehukumiwa kifungo kwa kashfa hiyo.

Yaliyopita si ndwele? Hapana, ndugu. Mnamo Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, huku deni kubwa la nje likikaribia kuiva. Juni mwaka huo vijana walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na baadhi yao hawakurudi nyumbani.

Sheria tunayo. Kifungu cha 211 cha Katiba ya 2010 kinampa waziri wa fedha siku saba kutoa habari za mkopo wowote, pindi Bunge likiomba kwa azimio. Basi tukitoka kanisani Jumapili, tuwaulize wabunge wetu wa Kibra na Dagoretti Kaskazini: mmeomba mara ngapi? Asiyeuliza kwa niaba yetu, asituombe kura.