CC ZA MLALAHOI NA CC ZA KIGOGO

Kijana wa mjini analijua kila gari linalopita barabarani. Shangingi la kigogo analitambua kwa mlio tu, hata kabla halijakata kona. Lakini muulize CC ni nini, atakujibu kuwa ni nguvu ya gari. Hapo ndipo anapoliwa!

CC si nguvu. CC ni nafasi. Ni ujazo ambao pistoni inapita ndani ya silinda ikitoka chini kabisa hadi juu kabisa, ukijumlisha silinda zote. Kanafasi kanakobaki juu ya pistoni hakahesabiwi. Hesabu yake haihitaji digrii. Chukua upana wa silinda kwa sentimita, uzidishe kwa upana huo huo, zidisha kwa 0.7854, zidisha kwa mwendo wa pistoni, halafu zidisha kwa idadi ya silinda. Basi!

Tuchukue Corolla, gari la mlalahoi. Injini ya 4A ina silinda 4 zenye upana wa sentimita 8.1, na pistoni inatembea sentimita 7.7. Piga hesabu: unapata 1587. Mtaani inaitwa 1600. Nduguye 5A ana mwendo ule ule wa 7.7, ila upana ni 7.87. Unapata 1498, na mtaani inaitwa 1500. Tofauti ya upana ni milimita 2.3 tu, mdogo kuliko unene wa njiti mbili za kiberiti!

Sasa sikilizeni milimita hizo zilivyotukamua. Kuanzia 2013, rodi laisensi ya mwaka ilikuwa shilingi 150,000 kwa gari la CC 501 hadi 1500, shilingi 200,000 kwa CC 1501 hadi 2500, na shilingi 250,000 kwa linalozidi hapo. Mwenye 5A akalipa 150,000. Mwenye 4A, Corolla ile ile, bodi ile ile, akaongezwa 50,000 kila mwaka.

Na shangingi je? Land Cruiser V8 ya dizeli ina CC 4461. Ni karibu mara tatu ya 4A. Je, ililipa mara tatu? Thubutu! Ililipa 250,000. Gawanyeni wenyewe: mwenye 4A alilipa kama shilingi 126 kwa kila CC, mwenye V8 akalipa shilingi 56. Huo ndio usawa tuliohubiriwa?

Ada hiyo ilifutwa 2017 na mzigo ukahamishiwa kwenye mafuta. Tuseme haki: shangingi linakunywa zaidi, kwa hiyo linachangia zaidi. Lakini ngazi zile hazikufa. Mwaka huo huo ada ya kusajili gari ilipandishwa ikawa 200,000, 250,000 na 300,000, kwa mipaka ile ile ya 1500 na 2500. Juu ya 2500 hakukuwekwa ngazi nyingine. Kwa nini ngazi zilijazana chini, anakopanda maskini, na juu kukaachwa wazi?

Msidanganywe kwamba namba hizi zimeshuka kutoka mbinguni. Uingereza kuanzia 1921 ilitoza kodi ya gari kwa kupima upana wa silinda bila kujali mwendo wa pistoni. Viwanda vikajibu kwa kutengeneza silinda nyembamba zenye pistoni ya mwendo mrefu. Japan kodi ya kila mwaka inapanda kila CC 500, ndiyo maana magari yake mengi yanaishia 1498 au 1998. Serikali inachora mstari, kiwanda kinasimama ukingoni. Anayechora mstari ndiye anayeamua nani alipe.

Kwa hiyo kijana, usinunue gari kwa namba ya mdomo ya dalali. Fungua boneti, soma kibati, linganisha na kadi. Ukikuta IST moja imeandikwa 1496 na nyingine 1497, usigombane. Hesabu kamili ya injini ya 1NZ ni 1496.77. Mmoja amekata desimali, mwingine ameipandisha. Lakini ukikuta kibati kinasema 1298 na kadi inasema 1496, hiyo si desimali. Hapo umepandishiwa CC kwenye makaratasi, au injini imebadilishwa. Dai maelezo kabla hujatoa hata senti.

Na ninyi waheshimiwa mnaopitisha bajeti Dodoma, dai letu ni jepesi. Kama mnatoza kwa CC, tozeni kwa CC kweli. Mwenye 4461 alipe za 4461. Mwenye 1587 alipe za 1587, asibebeshwe za jirani yake wa 2500. Mashine ya kupigia hesabu hiyo inauzwa Kariakoo. Mkikosa ya kununulia, semeni tuwachangie!