Unanunua Dawa au Unanunua Jina?

Wadau, leo nitawakwaza madaktari. Wengine ni rafiki zangu, tulikuwa chuo kimoja, tukagombea daladala moja. Lakini hili limenikaa kooni.

Nenda hospitali ya serikali huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Mbeya au Iringa, kaa karibu na dirisha la dawa nusu saa tu. Kuna sentensi utaisikia hadi uichoke: "Hii hapa haipo, kanunue nje." Mgonjwa anachukua cheti chake, anavuka barabara kwenda famasi. Na hapo ndipo anapochinjwa, maana kwenye cheti daktari ameandika Norvasc. Ameandika Lipitor. Ameandika Augmentin.

Mzee aliyepanda basi alfajiri kutoka Kilolo, au mama aliyeuza ndizi Tukuyu ili apate nauli, hajui kwamba hayo ni majina ya biashara. Norvasc ni amlodipini, dawa ya presha. Lipitor ni atovastatini, ya kushusha lehemu. Dawa hizo hizo zinatengenezwa na viwanda vingine vingi, vya India, Kenya na kwingineko, na bei yake ni ndogo mara kadhaa. Wala si siri mpya. Huko Marekani kwenyewe ulinzi wa hataza wa Norvasc ulikwisha 2007, na wa Lipitor 2011. Mmarekani mwenye presha anameza amlodipini ya kawaida, bima yake inafurahi. Mkulima wa viazi wa Uyole ndiye anayeambiwa atafute boksi lenye jina!

Asipoipata hela, anafanya hesabu zake. Ananunua vidonge kumi badala ya thelathini. Anameza leo, kesho anapumzika, keshokutwa akijisikia kichwa kizito anameza tena. Presha haichezewi hivyo, jamani. Siku akianguka na kiharusi, majirani watasema karogwa.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni kwamba haya yanafanyika hapa, mahali ambapo watu walitakiwa wawe wa kwanza kujua. Utafiti wa kitaifa wa 2003-04 uliikuta Mbeya na maambukizi ya VVU ya takriban asilimia 14 ya watu wazima, na Iringa (wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake) takriban 13, wakati wastani wa Bara ulikuwa 7. Kila familia huku ina makaburi ya miaka ile. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 dawa za ARV zenye majina makubwa ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Nani hapa Mwanjelwa angelipa?

Kilichovunja bei ile ni viwanda vilivyotengeneza dawa ile ile bila lile jina. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka huo huo makampuni 39 yaliyokuwa yameishtaki serikali ya Afrika Kusini kuhusu sheria yake ya dawa nafuu yaliondoa kesi kwa aibu. Oktoba 2004 Tanzania ikaanza kugawa ARV bure. Leo maelfu ya watu wa Makete, Mafinga na Mbalizi wanalima, wanasomesha, wanaoa, kwa vidonge vya viwanda ambavyo hawajui hata kuvitaja. Hakuna aliyewaambia watafute orijino.

Najua nitajibiwa nini: "Za bei rahisi ni feki." Haya, tuongee feki. Mwaka 2012 serikali ilitangaza kwamba ARV bandia, zenye jina la TT-VIR 30, zimeingia hadi hospitalini. Lilikuwa jambo la kutisha na vigogo walisimamishwa kazi. Lakini zile zilikuwa za kughushi. Dawa ya kughushi inaweza kuvaa jina lolote, na mghushi mwenye akili huvaa jina ghali maana ndiko kwenye faida. Dawa mbadala iliyosajiliwa ni kitu kingine kabisa: kiambato hai kile kile, kiasi kile kile. Anayesajili ni TMDA, ile iliyokuwa ikiitwa TFDA, ambayo Desemba 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya Shirika la Afya Duniani katika udhibiti wa dawa. Daktari asiyeiamini TMDA aende akaseme hivyo Wizarani, asimtoze mgonjwa gharama ya mashaka yake.

Na mwongozo wa matibabu wa taifa uko wazi: cheti kiandikwe kwa jina la kitaalamu. Kwa nini hakifuatwi? Mazoea, kwanza. Halafu kuna wale vijana wa makampuni wenye tai na mikoba, wanaoacha kalamu na kalenda mezani kwa daktari. Muuza famasi naye faida yake ni nono zaidi kwenye boksi la bei kubwa, atakukumbusha ya nini? Na sisi wasomi wa mjini tumo, tunaoona aibu kuuliza bei mbele ya foleni.

Tahadhari moja tu. Kwa dawa kama za kifafa, usibadilishe aina bila daktari wako kujua. Na zipo dawa, baadhi za saratani hasa, ambazo mbadala wake huku haupatikani kirahisi. Hiyo ni vita nyingine.

Kwa hizi za kila siku, geuza boksi. Chini ya lile jina kubwa la rangi kuna jina jingine, herufi ndogo. Hilo ndilo la kumsomea mfamasia dirishani, umwambie akutajie zote alizonazo zenye jina hilo, na bei ya kila moja, kabla hujatoa hela mfukoni.